Hofu Iliyozuia Maziwa

Harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ilishuka bondeni kwetu kila alfajiri, ikachanganyika na moshi wa kuni mbichi na samadi iliyolowa. Wengine harufu hiyo huwakumbusha nyumbani wakatabasamu. Mimi hunikumbusha woga. Nilikuwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya tisini, msimu wa mvua ndefu, huko Bomet ambako chai hupakana na mahindi. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa, amepasuliwa tumbo, na nilipouliza atarudi lini watu wazima waliangaliana tu. Alikuwa ametuachia Kiprono, mdogo wangu wa miezi mitano, ambaye sasa uhai wake ulitegemea ng'ombe wetu mmoja wa gredi, yaani wa kisasa wa maziwa, aliyeitwa Roza. Kwa kawaida aliyemkamua Roza ni mama. Baba alijaribu siku ya kwanza akapigwa teke, na Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi. Kazi ikawa yangu.

Niseme ukweli, nilimwogopa baba kuliko fisi. Hakuwa mlevi, na kanisani aliimba vizuri kuliko mzee yeyote. Lakini hasira yake ilikaa karibu, haikuwa na haja ya kutafutwa. Kikombe kikianguka, ukichelewa kuitika, ukijibu kwa sauti ndogo asiyoisikia, alifoka hadi mabati yakaitika, na mara nyingine kofi lilifuata. Mama alikuwa hodari wa kumsoma. Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye alipoyaona alinituma mtoni hata kama mitungi yote imejaa. Sasa hakukuwa na wa kunituma. Na tangu mama alazwe, baba alifoka asubuhi na jioni, akaifokea hata redio.

Siku ya pili Roza alitoa kikombe kimoja na nusu. Siku ya tatu alitoa vijiko. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, mishipa imetokeza, lakini nilivuta chuchu hadi mikono ikafa ganzi na maziwa hayakushuka. Baba alisimama nyuma yangu akiuliza, "Kwani unakamua ama unacheza?" Majirani walituletea kikombe hapa, nusu chupa pale, ila nao walikuwa na watoto wao. Kiprono alilia hadi sauti ikakauka, kisha akaanza kulala sana, na usingizi huo ulinitisha kuliko kilio. Niliamini akifa nitakuwa nimemuua mimi. Baba naye alishapata mkosaji wake. "Kuna mtu ameangalia huyu ng'ombe na jicho mbaya," alisema, akataja mama mmoja wa ng'ambo ya ua ambaye kosa lake lilikuwa kumsifu Roza tukitoka kanisani. Alivaa koti aende kumuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani angemwambia?

Kogo alimwambia. "Ngoja kwanza, usiende kwa watu. Acha mimi na msichana tuingie kwa ng'ombe." Mlangoni mwa banda alinizuia kwa fimbo. Kwao, alisema, mtu hakuingia kwa ng'ombe na ugomvi, aliuacha langoni. "Umebeba nini leo?" Nikajibu kwamba nimebeba ndoo. Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Hiyo naiona. Ndani umebeba nini?" Nikaanza kulia. Nikamwambia naogopa mama atakufa, Kiprono atakufa, na baba atanipiga. Hakunibembeleza wala kuniambia niache kuogopa. Alisema sasa tunajua tunaingia na nini, basi tuingie polepole. Akaniagiza niweke kiganja ubavuni mwa Roza bila kukamua. "Sikia vile anapumua. Halafu sikia vile wewe unapumua. Chuchu usishike kama umeshika nyoka." Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Ubavu ulikuwa na joto, ukipanda na kushuka, na mwishowe nikagundua mabega yangu yameshuka. Nilipogusa chuchu, maziwa yalikuja yenyewe, mazito, yakapiga kitako cha ndoo kwa nguvu hadi nikashtuka.

Ndipo baba akaingia. Alikuja kutazama tu. Nami sikugeuka, lakini vidole vilinikaza, Roza akainua kichwa na kurusha mguu, na maziwa yakakatika. Ndoo haikuwa imefika hata robo. Kogo alimgeukia mwanawe. "Umeona? Si jicho ya jirani. Huyu msichana anakuogopa, na ng'ombe anaogopa na yeye. Hata maziwa ya mtoto wako, wewe ndio unayazuia."

Niliinamisha kichwa nikingoja kofi, maana mtu mzima akiaibishwa mbele ya mtoto, anayelipa ni huyo mdogo. Kofi halikuja. Nilisikia tu mvua juu ya bati. Baba alitoka, akasimama langoni akilowa, koti lake likiwa mkononi. Aliporudi alibaki pale mlangoni. "Mimi pia naogopa," alisema. "Daktari hajaniambia kitu. Sijui nitawalea aje bila yeye." Sikuwahi kujua kwamba baba ana kitu cha kuogopa. Alichuchumaa mbali na mimi, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa hapo. Nikaitikia kwa kichwa. Nilirudisha kiganja ubavuni mwa Roza, tukangoja sote watatu, na maziwa yakashuka tena.

Mama alirudi baada ya majuma matatu, amekonda, akamkuta Kiprono hai. Sitadanganya kwamba baba aligeuka malaika. Alifoka tena mara nyingi. Lakini mara nyingi zaidi nilimwona akisimama nje ya mlango kwanza, kimya, kisha akaingia akiwa mtu mwingine kabisa. Siku hizi kazini kwetu tunapelekwa semina za kutulia, kusikiliza pumzi na kuijua hisia kabla haijakutuma, na tukimaliza tunapewa chai, mandazi na cheti. Nilikichukua cheti changu kwa majivuno, nikajiona nimefuzu.

Mwaka jana baba alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukalegea. Jumapili moja nilikuwa nikimnyoa ndevu kabla ya ibada, simu inalia, gari linangoja, na nikamgeuza shavu kwa nguvu nikimwambia atulie bwana. Alifumba macho, akakaza shingo, mkono wake uliobaki mzima ukashikilia kiti. Mzee wa miaka themanini alikuwa akiniogopa mimi. Niliweka wembe chini, nikazima simu, nikakaa mbele yake mahali anaponiona.

"Baba, niendelee?"

Alifumbua macho.

"Bado," akasema.

Nikangoja.