Chuo Kilipofungwa, Sisi Tulibaki

Niliingia chuo cha ualimu kwa miguu yangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Karo sikuwa nayo, mjomba wa ofisini sikuwa naye, na alama zangu za mtihani zilikuwa za kawaida tu. Nilichokuwa nacho ni mbio. Mkuu wa chuo kimoja kidogo cha Kakoba, mjini Mbarara, alikuja kutazama mashindano ya shule, akaniona nawaacha wenzangu kwenye mzunguko wa mwisho, akaniambia nikimaliza sekondari nimtafute. Nikamtafuta. Akanipa nafasi ya kusomea ualimu wa shule ya msingi bila kulipa, mradi nikimbie kwa jina la chuo.

Alikuwa na hesabu zake. Chuo kikishinda kombe kitatajwa redioni, mzazi akisikia ataleta mtoto, na mtoto ataleta karo. Nampa haki yake, haikuwa hesabu ya kijinga. Tatizo ni kwamba vikombe vilikuja na watoto hawakuja.

Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda tulikoishi, habari yangu ilipokelewa kama harusi. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini, Kongo, wakati wa vita, mimi nikiwa bado mtoto wa kushikwa mkono. Baba alibaki njiani, na hapo naomba niishie. Mama alipewa kipande cha ardhi, akalima mahindi na maharage, akauza nyanya kando ya barabara, akaumwa mgongo, akaendelea kulima. Shule ya karibu nasi ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na walimu wachache kuliko hata miti ya uwanjani. Mama alikwisha kupanga kila kitu: mimi nitapata cheti, nitafundisha pale, nitapokea mshahara, na yeye ataliweka jembe chini. Akina mama wa kwaya waliniombea kanisani, kisha kila mmoja akanipimia unga na maharage kutoka katika mgao wake mwenyewe. Niliondoka na gunia kichwani kama mke aliyeachika.

Mama alinipa wosia mmoja tu.

"Mutoto wangu, kule unaenda, usitoke mu fasi yako. Bakikuja kuhesabu na hauko, banakufuta. Utalilia nani?"

Asiyeishi kambini hawezi kuujua uzito wa maneno hayo. Kwetu kuhesabiwa na maofisa wa mgao kulikuwa jambo la kufa na kupona. Siku ya hesabu ikitangazwa, watu walilala karibu na uwanja. Kila mmoja aliweka jiwe au jerikeni yake kwenye mstari kushika nafasi, na ole wako uondoke hata kwenda kunywa maji. Jirani yetu aliwahi kumpeleka mtoto hospitali Mbarara, akarudi akakuta hesabu imepita. Mtoto alipona, lakini kadi ilikufa. Mvua zilikuja zikaisha, na mama yule alikuwa bado anazunguka ofisi moja hadi nyingine akieleza kwamba yupo, huku wanaomsikiliza wanamwona kwa macho yao. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na sisi hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia. Tulijifunza kukaa. Tulikaa kwa ustadi ambao watu wengine huutumia kutembea.

Pale chuoni tulikuwa wakimbiaji wachache. Kati yetu wakimbizi walikuwa wawili, mimi na msichana mmoja Mrundi kutoka kambi ya Oruchinga. Kocha wetu alikuwa sajini mstaafu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha maiti, nasi tukimwita Afande. Alitufundishia kwenye uwanja wa jeshi, maana chuo hakikuwa na uwanja, kilikuwa na ua. Watoto wa wanajeshi walikaa ukingoni wakitucheka. Mke wake alituletea uji kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Afande hakuwa na maneno matamu. Nikishinda aliniambia, "Mguu iko muzuri. Sasa kichwa. Kichwa yako iko nyuma sana." Nilimpenda mtu yule. Sikuwahi kumwambia, na sidhani angenivumilia.

Chuo kilianza kuumwa polepole. Mjini vilikuwa vimechipuka vyuo vingine vikubwa, vyenye maghorofa na masomo ya jioni, na wenye karo wakakimbilia huko. Kwanza uji wa asubuhi ulipoteza sukari. Halafu mwalimu wa hesabu akaondoka, mwalimu wa dini akafundisha hesabu, naye alikuwa akitangulia na sala, kwa sababu nzuri. Basi dogo la chuo liliuzwa. Mkuu aliuza ng'ombe wake ili walimu waliobaki wapate chochote, na nakumbuka tulivyowatazama ng'ombe wale wakipandishwa kwenye lori, hakuna aliyetania.

Kisha ikafika zamu ya riadha. Mkuu alituita wakimbiaji ofisini kwake, akatwambia huku akitazama meza kwamba hakutakuwa na mashindano tena, wala viatu, wala safari, wala mshahara wa kocha. Tutaendelea kusoma, akasema, mpaka Mungu atakapofungua mlango. Siku iliyofuata Afande alikuwa uwanjani kama kawaida, filimbi shingoni. Tulimuuliza nani anamlipa. Akatuuliza sisi nani anatulipa, akatuamuru tukimbie.

Tulikuwa tumebakiza mwaka wa mwisho chuo kilipokata roho. Mkuu alitukusanya uani, akasimama juu ya ngazi, akatangaza kwamba chuo kinafungwa, ila yeye anatafuta mfadhili, na akimpata atakifungua. Akaongeza kwamba chuo kingine, katika wilaya ya jirani, kimekubali kuwapokea wanafunzi wetu watakaofika mwanzoni mwa muhula, na kwamba anatushauri twende. Alisema wazi kabisa. Siwezi kumlaumu, ingawa nimejaribu mara nyingi.

Wenzetu Waganda walifunga magodoro yao siku ileile. Mimi na yule Mrundi tuliketi kitandani tukashauriana, na shauri letu lilikuwa la watu wa kambini kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfadhili atakuja, tukasema. Mfadhili akija, kitu cha kwanza atakachouliza ni wanafunzi wako wangapi. Atawahesabu. Watakaokuwepo watasomeshwa, na waliotawanyika watajibeba. Tena kule kwingine hakuna riadha. Nani atatupokea bila karo, na kwa sababu gani? Hatukuenda hata kuuliza. Wenzetu walisikia chuo kimekufa, sisi tukasikia siku ya hesabu inakuja.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa msichana wa Endiinzi, binti wa wafugaji, ambaye alikuwa akinitania kila siku kwamba nakimbia vizuri kwa sababu kwetu hakuna ng'ombe wa kuchunga. Alinisubiri langoni na godoro lake.

"Twende pamoja," akaniambia. "Tutaongea na huyo mkuu wao. Utapika, utaosha, utafanya hata nini, lakini utakuwa ndani."

"Mimi nabaki. Chuo kikifunguliwa watatukuta."

"Sasa unalinda nini? Ng'ombe zote zimekwenda, wewe unabaki kulinda zizi?"

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ana kwao, hawezi kuelewa. Alinitazama, akapanda bodaboda, godoro limekunjwa katikati yake na dereva. Ninayo hasira ya haraka mimi, na mara nyingi imenisaidia kwenye mbio, lakini siku ile ilinifunga.

Basi tukabaki. Mlinzi aliondoka, akatuachia ufunguo wa lango. Maji yalikatwa, tukawa tunateka kwa majirani. Tulipika nje ya bweni maharage niliyokuwa nikiletewa kutoka Nakivale. Na ili mfadhili asikute pori, tulifyeka nyasi. Tulifagia madarasa yote, hata yale tusiyowahi kuyasomea. Tulifuta mavumbi kwenye vikombe vilivyokuwa kabatini nje ya ofisi ya mkuu. Asubuhi tulikimbia, mchana tulisoma madaftari yetu ya zamani, tukaulizana maswali, tukasahihishana. Mama alinipigia kwa simu ya mchungaji wa kanisa letu kuuliza kama nipo. Nikamwambia nipo. "Basi kaa," akasema, na nikasikia jinsi alivyoridhika.

Subira huvuta heri, husema watu. Nimewachunguza wanaosema hivyo, na wengi wao wana mahali pazuri pa kukalia wanaposubiri.

Afande alikuja kutuona. Hakukuta tunafanya ubaya wowote, alikuta tunafagia, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi.

"Nyinyi bado mnafanya nini hapa?" akauliza.

Tukamweleza.

"Hii chuo imekufa. Mimi nimezika watu mingi, najua kitu ikikufa." Akavua kofia, akaivaa tena. "Sikiliza. Askari anakaa kwa posti yake mpaka amri ikuje. Sasa mimi natoa amri. Ondoka. Leo."

Tuliitikia ndiyo Afande, na hatukuondoka. Tulijua kwamba yeye si ofisi. Kambini tulikwisha kuwaona watu wema wengi wakitoa ushauri mwema, na tulijua kwamba mtu mwema hana daftari la majina, na asiye na daftari hawezi kukuandika wala kukufuta. Mtu pekee aliyetupenda kiasi cha kutufukuza, tulimpima tukamwona hana cheo.

Waliokuja baadaye walikuwa na cheo. Lilisimama lori langoni, wakashuka wanaume na kamba ya kupimia, wakapima madarasa, wakapima bweni letu tukiwa ndani yake. Mmoja alituuliza kwa upole sisi ni wa nani. Mwenzangu akamjibu kwamba sisi ni wanafunzi. Yule bwana akamtazama mwenzake, kisha akatueleza kwamba mahali hapa pamenunuliwa, patakuwa ghala la saruji, na kama tuna vitu vyetu tuvitoe. Alisaidia kubeba gunia langu mpaka barabarani. Nyuma yetu nilisikia wakitoa vikombe kabatini na kuvitupa ndani ya debe.

Tulienda kwenye kile chuo cha wilaya ya jirani siku hiyohiyo. Mkuu wake alikuwa mama mnene, mtaratibu, na alitupa viti.

"Wenzenu walikuja hapa muhula ulioisha," akasema. "Mimi niliwapokea wote, hata wale hawana karo. Nilisema tutaona mbele. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa chuoni," nikasema.

"Chuo gani? Si ilifungwa?"

"Tulikuwa tunangoja."

"Mlikuwa mnangoja nani?"

Nilifungua mdomo, nikaona kwamba sina mtu wa kumtaja. Mwenzangu alianza kulia. Yule mama akatueleza polepole kwamba majina ya watakaofanya mtihani yalikwisha kupelekwa, vitanda vimejaa, na hata yeye walimu wake wanamdai. Kama tungekuja na wenzetu, akasema, angetupokea kama alivyowapokea wao. Alilisema jambo hilo mara mbili. Sijui kwa nini alilirudia. Labda alidhani litatufariji.

Rafiki yangu wa Endiinzi alitoka darasani, akatukuta chini ya ukuta. Hakunikumbusha alichosema. Alitununulia soda na chapati, akakaa nasi mpaka kengele ilipolia, kisha akasimama, akapangusa sketi yake ya sare, akarudi ndani. Katika safari ya kurudi kambini, yule Mrundi alishukia njia panda ya Oruchinga. Nilisikia aliolewa mapema, kisha sikusikia tena.

Mama nilimkuta shambani. Aliniona tangu mbali na gunia, na akajua, maana mtu anayerudi likizo habebi sufuria. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Sikuficha habari za yule mama mnene na viti vyake, wala alichosema mara mbili. Nilikuwa na hasira na nilitaka mtu mwingine aibebe hata kidogo.

Mama aliuliza swali moja. "Bale benzako benye balienda, balipata?"

"Walipata wote."

"Hata bale habana franga ya masomo?"

"Hata wao."

Mahindi yalikuwa yamemfika kiunoni, na mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Basi ni mimi," akasema.

Nikamwambia hapana mama, chuo kilikufa kwa njaa yake chenyewe, si kwa neno lako. Ilikuwa kweli, lakini nilikuwa nimechelewa kidogo kuisema, na yeye alikuwa mtu wa kusikia hata kuchelewa huko. Alichukua jembe, akainama, akaanza kupalilia tuta ambalo alikwisha kulipalilia asubuhi.