Mwenye Nyumba Asiwashe Moto Uani

Nilipokuwa mdogo walinisahau ndani ya kihenge. Kihenge chetu kilikuwa kikubwa, cha fito na udongo, kimesimama juu ya mawe, na mlango wake ulikuwa juu. Unanyanyua paa la nyasi, unaingia. Kabla ya mavuno mtoto mwembamba kuliko wote alishushwa humo kukwangua mtama wa zamani uliobaki chini, na mwaka ule mwembamba nilikuwa mimi. Nikakwangua, nikapitisha vibuyu juu, mara ikasikika ngoma ya wacheza nyoka. Watu wote wakakimbia, na aliyekimbia wa mwisho akarudisha paa mahali pake. Alikuwa mtu wa usafi.

Nilikaa humo. Vumbi la mtama linawasha kama upupu. Niliwasikia watu wakirudi, wakila, wakigawana mboga yangu. Nikipiga kelele, udongo unazimeza. Mwishoni bibi yangu mzaa baba akapita karibu, akasimama.

"Nani anaongea kwenye mtama?"

"Mimi, bibi."

"Uliingilia wapi?"

"Juu."

"Basi utatokea huko huko, kwani kuna mlango mwingine?" Akaenda kutafuta ngazi, tena kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Sasa, kwa nini nimeanza na kihenge? Nilitaka kusema habari za udongo. Baba yangu ndiye aliyekisiriba kihenge kile, na mkono wake wa udongo nikaurithi. Shule niliishia darasa la pili, lakini ukuta wa matofali mabichi nausimamisha umenyooka. Nilipooa nikaanza kujijengea nyumba Bugarama, enzi hizo Bugarama ni mihogo na ng'ombe. Kuta zilikuwa zimenipita kichwa, bado paa tu, shemeji yangu aliponiita Shinyanga mjini.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyemlea. Alikuwa na cheo. Na Azimio la ujamaa lilikuwa limeshasema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa nayo, kule Ngokolo, vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, jiko na choo uani.

"Shemeji," akaniambia, "tangu leo nyumba hii ni yako."

"Yangu vipi?"

"Kwa jina. Kaa chumba cha mbele, pokea kodi, niletee. Masika yakiisha nitapata mtu mwingine, utarudi kwako."

Hakusema masika ya mwaka gani.

Vijana wanaonunua nyumba za kupangisha huja kuniuliza, kwa kuwa wamesikia niliwahi kuwa mwenye nyumba mjini. Nawaambia, nyumba usiitazame asubuhi. Madalali wa Ngokolo walikuwa wakionyesha nyumba asubuhi tu, uani umefagiliwa na jua bado jipya. Nenda jioni, ndipo utajua choo kinanuka upande upi na nani anapika pombe. Nenda tena mvua ikinyesha, uone maji yanalala wapi. Ile yetu yalilala chumba cha tano. Na mtu akikupa nyumba kwa jina tu, usikae hata kunywa chai yake. Lakini hayo yote ni madogo. La kwangu lilikuwa moto.

Mke wangu alibaki Bugarama na watoto. Mimi mjini sina wa kusema naye. Kwetu Usukumani wanaume jioni hukaa uani kuzunguka moto uitwao shikome. Hapo mnaota, mnakula, mnasemezana mpaka usingizi uje. Basi jioni moja nikakokota kigogo cha mgunga, nikakiwasha katikati ya uani, nikaketi. Ulikuwa upweke tu, sikuwa na jambo jingine. Fundi cherehani wa chumba cha pili akaja na kigoda chake. Akafuata mchukuzi wa mizigo wa stesheni, wa chumba cha tatu. Wanawake wakaleta ugali. Bibi mmoja mzee wa chumba cha nne, aliyekuwa akiishi na binti yake, akasimama mlangoni akautazama ule moto.

"Kumbe tumepata kaya," akasema.

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikacheka, mjinga mimi. Kwa Kisukuma nyumba ni numba, yaani kuta na paa, na hiyo unaweza kuipangisha. Kaya ni watu pamoja na moto wao, na aliyeuwasha ndiye baba yao. Sasa baba gani anawadai wanawe kodi? Na baba gani anaaga akaenda kuishi pengine?

Mwisho wa mwezi nikagonga mlango wa fundi cherehani. Mtu wa rika langu, akaniinamia. "Shikamoo, baba. Umekula?" Utamdai vipi mtu anayekuuliza kama umekula? Nikala. Walinipikia, walinipa mtoto nimchagulie jina, ugomvi wa zamu ya kufagia choo nikauamua mimi. Balozi wa nyumba kumi akipita barazani anapaza sauti: "Kupe! Mnyonyaji!" Kisha ananitazama vizuri, anacheka. "Lakini kupe gani huyu, amekonda kuliko ng'ombe wake?"

Shemeji hakucheka. "Nilikuweka ukae kwenye nyumba, wewe umeanzisha ukoo!"

"Basi niache niende."

"Uende, halafu waje waulize nyumba ni ya nani?"

Wakati huo ya kwangu inanyeshewa. Mtu akitoka Bugarama ananiletea salamu: mkeo anasema ukuta wa upande wa machweo umeshuka mpaka mabegani. Mvua nyingine, mkeo anasema sasa ni kiunoni. Tofali bichi lisilo na paa ni sukari kwenye chai. Nikafunga mzigo, nikafika stendi, watoto wa nyumba nzima wakanifuata wakilia, na wasafiri wakanitazama kama mtu anayetupa familia. Nikarudi. Nikajaribu kuuacha moto uzimike. Hakuna aliyeugusa, walikaa kuzunguka majivu wakinisubiri mimi, wanatetemeka.

Nikamwambia mchukuzi, "Hebu sukuma hicho kigogo."

Akaficha mikono nyuma. "Mimi? Na baba yupo?"

Nikawasha. Nikilala mle chumba cha mbele nasikia pua inawashwa na vumbi la mtama, na nyumba nzima haina mtama.

Kipupwe kikaingia, na salamu ikaja ya mwisho: mkeo anasema ukuta sasa mtoto anauruka, kama unataka kuiona nyumba yako njoo, la sivyo utakuja kuona shamba. Jioni ya siku ile ile shemeji akatokea, amevaa koti, ana hasira za kodi. Mimi nilikuwa nimesimama, kigoda changu kitupu, akakikalia. Upepo wa Shinyanga wa kipupwe unajulikana. Moto ulikuwa umelala, na mimi sikuusogelea, sikuwa na nguvu ya kuinama. Watu wamekaa, mikono kwapani.

"Shemeji, unatuua kwa baridi na kuni zipo?" akasema.

Akainama. Akasukuma kigogo ndani, akapuliza mpaka ndimi zikasimama. Alikuwa amelelewa bweni la misheni tangu utoto, mambo ya shikome aliyasikia kwa mbali.

Bibi wa chumba cha nne ndiye aliyetangulia. Alipiga makofi mepesi, akapiga goti mbele yake, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Shikamoo, baba," akasema fundi cherehani. Mchukuzi akasogeza sahani ya ugali, akaiweka miguuni pa shemeji. Na mama wa chumba cha tano, ambaye alikuwa hajawahi kumsemesha, akaanza: "Baba, kwangu maji yanaingia, na huyu wa sita zamu yake ya choo haiji hata siku moja..."

"Mwongo huyo, baba! Usimsikilize!"

Shemeji akanigeukia. "Wana nini hawa?"

"Wanakuamkia," nikasema. "Itikia."

"Marahaba," akasema.

Nikachukua ndoo, kama mtu anayekwenda kuteka maji. Hakuna aliyegeuza shingo. Walikuwa wanaamuliwa kesi ya choo. Pale bombani palikuwa na foleni. Nikaiweka ndoo nyuma ya ndoo za wenzangu, nikaiacha hapo, nikashika njia ya stesheni, kwenye treni ya kunishusha Isaka, nishike njia ya Bugarama. Ngokolo sijarudi tena.