Siku Niliyomsemea Msichana wa Kwenye Shuka

Mama yangu alinilea kwa maneno mawili: punguza sauti. Nikicheka, punguza sauti. Nikimwita mdogo wangu, punguza sauti, nani atakuoa na koo hilo? Nilipokuwa mkubwa nikawa nauza bajia mlangoni kwa banda la video, hapa Mabawa, na waliochelewa wakija kununua huniuliza, "Dada, tumepitwa na nini?" Basi nawasimulia huku nageuza bajia, sauti ya jambazi naitoa, ya mkewe naitoa. Wengine walibaki kwangu, filamu wakaiacha.

Nilichokitaka mie duniani ni ile maiki ya ndani. Mtafsiri wetu, kaka mmoja anayejisikia kweli kweli, ndiye aliyekuwa akizisemea filamu za nje kwa Kiswahili. Kila nikimwomba nijaribu, ananicheka: "Kakaange bajia zako."

Idi Pili mchana, mwenye banda aliwawekea kina mama onyesho lao peke yao. Banda likajaa, kanga mpya, udi, watoto mapajani. Kuchomeka flashi, loh! Filamu ya kale, nyeusi na nyeupe, kwenye shuka la kuonyeshea midomo inacheza na sauti hakuna. Mara kwa mara yanakuja maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Filamu nyingine za kwenye flashi ile ziligoma kufunguka. Mtafsiri akaweka maiki chini. "Mimi natafsiri maneno," akasema, "midomo sitafsiri." Akatoka.

Nikafuta mafuta mikononi. "Nipe mie," nikamwambia mwenye banda.

Akanitazama. "Wakitoka hata watatu, maiki hii hutaigusa tena maisha yako."

Nikakubali, nikaishika maiki.

Hadithi niliisoma kwa macho tu. Msichana mwembamba anataka kupanda jukwaani aimbe, na bibi mwenye kofia ya manyoya, ndiye mwenye jumba la maonyesho, anamfukuza kila akibisha hodi. Bibi yule alipofungua kinywa, maneno ya kumpa sikuwa nayo. Yakanitoka ya nyumbani: "Punguza sauti! Nani atakuoa na koo hilo?"

Banda likaangua kicheko, maana mtaa mzima unaijua sauti ile. Nikanogewa. Nikamfanya asonye kama mama anavyosonya, nami nikashika kiuno kama mama. Ndipo nikaona watu wanageuka kutazama mkeka wa nyuma. Mama alikuwa amekaa pale na buibui lake, hacheki. Kwisha habari yangu!

Ningenyamaza, ila msichana ameshapanda jukwaani kwa nguvu, bibi anamtolea macho. Kinywa cha msichana kikafunguka na banda zima likanisubiri mie. Wimbo wake siujui. Nikaimba wangu, niliokuwa nautunga siku zote mbele ya karai, wa binti aliyekatazwa kuimba. Niliimba kwa koo lote alilonipa Mungu. Vigelegele hivyo! Na mama akainuka.

Nikajua anakuja kunivuta sikio mbele za watu. Kumbe anakuja anacheza, polepole, noti ameiinua juu, kama anavyomwendea mwimbaji wa taarabu harusini. Akanipita. Akaenda mpaka kwenye shuka kumtunza yule msichana, na mkono wa kupokea hakuna. Akasimama pale kidogo, filamu inamchezea usoni. Kisha akageuka, akaja akanibandika ile noti kwenye paji la uso, na jasho langu likaishika. Kina mama wengine wakaunga msururu nyuma yake.

Hakutoka mtu. Maiki ile ninayo mpaka leo, na yule kaka anayejisikia siku hizi ananunua bajia kwa mdogo wangu.

Lakini siku ile filamu ilikuwa bado haijaisha. Mama alirudi mkekani, akaketi, akakusanya buibui lake, kisha akapaza sauti banda zima likasikia:

"Wee mwanangu! Ongeza sauti, huku nyuma hatukusikii."