Miguu ya Upande wa Mama

Mhudumu wa ofisini akimwaga ile dawa inayogeuza maji kuwa meupe, vidole vyangu vya miguu hujikunja ndani ya viatu. Shahada mbili hazijavituliza.

Nilipokuwa mtoto, siku moja shangazi, dada yake baba, alikuwa amenishika kifundo cha mguu juu ya karai, uani kwetu Kola. Alikuwa ameninunulia viatu vya harusi ya binti yake huko Machakos mjini bila kunipima, akanivalisha wiki nzima nivizoee, navyo vikanichubua visigino hadi vikatunga usaha. Sasa alivisugua vidonda kwa kitambaa cha maji moto yenye dawa hiyo kama anayekwangua sufuria iliyoungua.

"Tulia! Viatu havina makosa. Hii miguu ni ya kina mama yako, mipana kama ya bata."

Mama alikuwa akipepeta ndengu. Hakuinua macho.

"Wifi, mtoto hawezi kuvivaa tena."

"Jumamosi harusini atavivaa. Ama unataka aniaibishe mbele ya wakwe?"

Nililia, si kwa uchungu wa vidonda tena, bali kwa hiyo Jumamosi.

Mama aliweka ungo chini, akaokota viatu, akaenda navyo hadi kwenye choo chetu cha shimo. Tulisikia kimoja kikitua, kisha cha pili. Shangazi aliuachilia mguu wangu, kitambaa kikiwa bado mkononi mwake.

Mama alirudi, akanawa mikono, akamnyang'anya kitambaa na kuupakata mguu wangu.

"Wifi," alisema, "ongeza maji. Haya yamepoa."