Itifaki ya Baba Askofu

Askofu aliyekwama nasi Sydney alikuwa amestaafu mara mbili: uaskofu, na unaibu waziri wa mifugo. Enzi zake kule nyumbani alivaa kofia zote mbili kwa wakati mmoja. Jumapili aliikemea serikali altareni, Jumatatu akasimama bungeni kuitetea. Wakubwa wake wa kanisa walimwandikia barua achague moja. Alisema anaitafakari, na aliitafakari mpaka uzee ukamvua zote.

Alikuja kwa wiki mbili tu, kumbatiza mtoto wa mpwa wake huko Liverpool, kitongoji cha Sydney. Korona ikaingia, mipaka ikafungwa, na wiki mbili zikawa mwaka na zaidi. Mpwa wake ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala: Wakenya, Warundi na Watanzania wachache, wengi wetu wauguzi na watunza wazee. Tulimwita Baba Askofu. Akatuomba kwa upole tuseme Mhashamu Mheshimiwa, nasi tukasema. Tulikuwa tumekaa miaka mingi ugenini bila mkubwa wa kumpigia makofi, na nadhani tulimkosa mtu wa aina hiyo kuliko tulivyoikosa sukuma wiki.

Mama yangu alifariki majira ya baridi ya 2021, Sydney ikiwa imefungwa na sisi wa magharibi mwa jiji haturuhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka mlangoni. Kwenda Kenya kulikuwa ndoto. Baba, ambaye mtoto wa jicho alishampofusha, aliomba kitu kimoja: kabla jeneza halijashushwa, asikie sauti yangu ikimuaga mama.

"Hata maneno mawili, mwanangu. Nijue tu kwamba upo."

Kaka yangu angeiweka simu kwenye spika kando ya kaburi, saa nne asubuhi kule, saa kumi na moja jioni kwangu St Marys. Nikafungua mkutano wa video, ule wa bure unaojikata baada ya dakika arobaini. Muda ulitosha kabisa. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu: nikamwalika askofu atoe baraka. Nisidanganye, sikuzihitaji, padri alikuwepo makaburini. Nilitaka kijiji kisikie kwamba binti yao wa Australia ana askofu wake, tena aliyewahi kuwa naibu waziri.

"Dakika tatu tu, Mhashamu Mheshimiwa," nilimsihi.

"Mbili zinatosha, mama."

Alitokea kwenye skrini na kofia ya uaskofu kichwani. Nyuma yake ukutani ilining'inia picha yake akikata utepe wa josho la ng'ombe. Dakika nne za kwanza midomo ilicheza bila sauti.

"Mhashamu, you're on mute!" tulipiga kelele sote.

Sauti ilipofunguka, alianza upya, na alianza na itifaki. Kwetu huwezi kusema neno mbele za watu kabla hujawatambua wakubwa waliopo, mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo vyao. Alimtambua mwenyekiti, makamu wake na katibu. Akamtambua mwalimu wa kwaya, ambaye saa hiyo alikuwa zamu katika hospitali ya Westmead, na diwani wa eneo letu, Mzungu asiyejua kama tupo duniani. Akavuka bahari akamtambua chifu, naibu wa chifu, na wawakilishi wa vyama viwili vya siasa, kisha akakiomba radhi chama cha tatu. Akawakumbusha waombolezaji ni nani aliyewaletea majosho.

Binti yangu, anayeelewa Kiswahili lakini hajibu kwa lugha hiyo, akaninong'oneza, "Mum, when's your turn?"

"Sasa hivi," nikamwambia. Karatasi niliyoandika maneno ya kumuaga mama ilikuwa mkononi. Ningeweza kumzima. Mkutano ulikuwa wangu na kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Lakini nani anamzima askofu? Nani anamzima mheshimiwa? Na huyu alikuwa wote wawili. Nilijichukia, na kidole hakikusogea.

"Baada ya itifaki hiyo kuzingatiwa," akasema, "sasa niruhusuni niingie katika..."

Skrini ikawa nyeusi.

Nilimpigia kaka mara sita. Hakupokea, alikuwa ameshika koleo, anafukia. Simu iliyoita ilikuwa ya askofu, akiuliza kama hotuba yake imerekodiwa.

Baadaye jioni hiyo baba akapiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa na fahari kidogo.

"Mazishi yamekwenda vizuri. Mheshimiwa tumemsikia. Ametaja kila mtu, hata hao wa huko kwenu. Wewe sikusikia akikutaja. Ulikuwa kazini, mwanangu?"