Siku Mashine Ilipozimwa

Chausiku binti Hatibu alikuwa mfinyanzi wa Kingolwira, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Asia. Wengine walikufa wachanga. Chausiku alimpenda huyo aliyebaki kwa mapenzi ya wote.

Reli ilipokwisha kupita, kampuni moja ya Wajerumani ilifungua shamba la mkonge upande wa juu wa mto. Mashine yao ya kukamua majani ilitema mtoni maji ya kijani, yanayowasha ngozi na kunuka kama mzoga. Samaki wakaelea. Watu wakaanza kuharisha. Chausiku akauacha mto, akawa anapanda mlimani kila alfajiri na mtungi wake mpaka chemchemi. Asia alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama yake alimkataza hata kuoshea vyombo mtoni.

Wazee walikwenda kulalamika bomani Morogoro, na Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya, akaja mwenyewe kukagua. Lakini kampuni ilikwisha kupata habari, ikazima mashine mapema. Alipofika, mto ulikuwa mweupe. Akachota kwa bilauri, akanywa mbele ya watu.

"Serikali imekagua!" akida Kibwana akatangaza. "Maji ni salama!"

Jioni Asia alimkuta mama yake akijikanda magoti.

"Mama, mlima unakumaliza. Mzungu mwenyewe kanywa, sisi tunaogopa nini?"

Chausiku alisita. Magoti yalimuuma kweli.

"Haya, chota, mwanangu."

Bwana Shauri alipoondoka tu, mashine ikawashwa. Masika yalikuwa yameanza, mto umejaa tope, na hakuna aliyeiona ile rangi ya kijani. Asia akashikwa na tumbo la kuhara damu. Mimba ikatoka. Akalala kwenye mkeka, midomo imemkauka.

"Mama, nina kiu."

Chausiku aliinua kata, akaitazama, akamwaga maji yote chini. Akanyakua mtungi, akaukimbilia mlima kwenye mvua, akianguka na kuinuka. Aliporudi na maji ya chemchemi, alisikia vilio vya wanawake kabla hajaiona nyumba.

Baada ya vifo vingine, boma liliamuru kampuni ichimbe shimo la taka zake. Kibwana alikuja kumpa habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sasa kampuni imebanwa. Askari watakuja kukagua bila kutoa taarifa. Hawataweza kutudanganya tena."

Chausiku aliendelea kukanda udongo wake.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, baba. Ni jambo jema kwa wenye watoto."

Kibwana akainamisha kichwa, akaaga.

Chausiku aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ndugu zake wa Uluguru walimwita arudi kwao milimani, akakataa, maana makaburi ya wanawe yalikuwa pale Kingolwira. Watu walipomwuliza habari za asubuhi, alijibu "njema" kama wengine, kisha akageuza uso.