Kinyozi wa Wodi ya Wanaume

Mwanawe wa pekee alipolazwa mara ya mwisho, kinyozi alifunga kibanda chake cha sokoni akahamia kwenye benchi la wodi. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kifua kama mlango. Figo zilipomwangusha alikonda hadi shuka likawa kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu. Asubuhi moja alijipapasa kidevu akasema, "Baba, nimekuwa beberu. Hebu ninyoe."

Kinyozi akaleta vifaa vyake. Alimpaka sabuni, akaivuta ngozi kwa vidole viwili, akapitisha wembe taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alipomaliza, kijana alijitazama kwenye kioo. "Haya, sasa nafanana na mtu."

Kitanda cha pili alilala dereva wa lori aliyevunjika nyonga, asiye na ndugu hata wa kumletea maji. Akaita, "Mzee, na mimi je?"

Kinyozi alikuwa akikusanya vifaa vyake. Akajifanya hakusikia. Jioni ile mwanawe akakata roho.

Baada ya mazishi kibanda hakikufunguliwa. Kinyozi alishinda chumbani, ndevu zimemwota ovyo, chakula kinapoa mbele yake. Mkewe, ambaye msiba ulikuwa wake pia, alivumilia weee, mwisho akaja kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Mume wangu, yule dereva alikuomba."

"Dereva gani?"

"Unamjua. Nilikuwepo."

"Ile wodi siwezi kuitia macho tena."

"Mimi nayatia wapi, kila nikikutazama?"

Kesho yake alikwenda. Kwenye kitanda cha mwanawe alilala mtu mwingine, anakula ndizi. Akashika ukuta. Dereva alimwona.

"Pole, mzee. Pole sana." Kisha akamkagua usoni. "Lo! Kumbe ni kweli, kinyozi hajinyoi."

Kinyozi hakucheka. Alikoroga povu, akaanza kazi. Dereva alifumba macho, na machozi yakachora njia mbili katikati ya sabuni. "Nisamehe, mzee. Tangu niingie humu, anayenigusa ana sindano."

Yule mla ndizi naye akainua mkono. Halafu wa dirishani.

Ikawa kila Alhamisi, sokoni kukiwa kumepoa, kinyozi anakwenda wodini. Aliwanyoa, akawakata kucha, akawasikiliza wakisimulia ng'ombe zao na wake zao. Usingizi ulianza kumrudia. Asubuhi za Alhamisi aliamka kabla ya mkewe, jambo lililokuwa limesahaulika nyumbani mle.

Lakini wodi ni wodi. Dereva alishikwa na kichomi, na mapafu yakamshinda. Muuguzi alimwita kinyozi pembeni: "Baba, huyu hana mtu. Utamweka sawa kabla hatujampeleka mochwari?" Akamnyoa, safari hii bila mzaha wala machozi ya kupangusa, akamchana nywele, akamfunga vifungo vya shati.

Alirudi nyumbani akatupa mfuko wa vifaa sakafuni. "Siendi tena. Nimezika wangu, sasa nazika na wa wenzangu?"

Mkewe aliokota taulo zilizomwagika mfukoni, akazifua, akazianika. Alhamisi ilipofika alizikunja akaziweka juu ya meza, akaendelea kufagia. Kinyozi alizitazama, akaguna, akazichukua.

Msiba wa mwanawe haukumtoka. Hadi leo akisikia mlio wa kuchomelea mtaani hugeuka. Ila Alhamisi moja mgonjwa mmoja mwenye kibyongo alimsimulia jinsi mbuzi alivyomlia mwajiri wake kofia mbele ya wakwe, na kinyozi akacheka hadi akaweka wembe chini. Akacheka tena njiani. Alipofika mlangoni kwake kicheko kikamkauka, akasimama kama aliyefumaniwa.

"Mke wangu," alisema, "leo nimecheka."

Mkewe akaacha kukuna nazi. Alilia kwanza, kwa muda mrefu, akiwa bado ameikalia mbuzi ya nazi. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga.

"Haya, nisimulie na mimi."

Akamsimulia, vibaya mno, akachanganya kofia na wakwe. Mkewe akacheka hivyo hivyo.